Kujitolea kunaweza kunilipia karo ya chuo?

SWALI: "Assalam aleikum mwalimu. Mimi ni msichana wa miaka 20, naishi Likoni. Nilimaliza fomu foo 2023 nikapata C, sahii nimepata nafasi ya diploma ya afya ya jamii kwa chuo cha serikali hapa Mombasa lakini karo nyumbani hakuna, baba ni mtu wa vibarua na mama auza mahamri na viazi karai. Karibu miaka miwili nimejitolea kwa kikundi cha vijana, twasafisha ufuo, twapanda mikoko, kukiwa na kampeni ya chanjo twapita nyumba kwa nyumba. Mwenyekiti alituambia tukitimiza miaka miwili kuna wafadhili watatulipia chuo, lakini kila nikiuliza aniambia subiri. Halafu kuna jamaa asema kuna mpango wa Marekani, ukijitolea mwaka mmoja serikali yao yakulipia chuo, ataka elfu kumi na nane za kujisajili. Na mjomba wangu asema nende NYS, huduma ya vijana kwa taifa. Chuo chafungua Septemba. Nisubiri mfadhili, nimlipe huyo jamaa, ama nende NYS? Na hii kazi yote nilofanya imepotea bure?"

JIBU:

Waaleikum salaam mwanangu. Nimesoma swali lako na naona lina maswali mawili ndani yake, la kwanza ni la pesa, la pili ni lile uloliweka mwisho, kama miaka yako miwili imepotea, na nahisi hilo ndilo linokuuma zaidi. Yote nitayajibu, lakini kwa vile Septemba haiko mbali wacha nikupe jibu fupi kabisa mwanzo: huyo jamaa usimpe hata shilingi, mfadhili wa mwenyekiti usimsubiri, na ile nafasi ya chuo usiiachilie. Kazi uloifanya haijapotea, ila hailipi vile ulivyoambiwa.

Tuanze na Marekani, sababu hapo kuna ukweli uliochanganywa na uongo na ndio maana watu wengi wanashikika. Huo mpango upo kweli. Unaitwa AmeriCorps, sheria yake ilipitishwa 1993 wakati wa rais Clinton, na vile unavyofanya kazi ni kuwa mtu anajitolea kwa shughuli za jamii, kufundisha watoto, kusaidia baada ya mafuriko, kutunza misitu, mambo kama hayo, saa zake zinahesabiwa na kusainiwa, na akitimiza mwaka mzima wa saa 1,700 anawekewa tuzo ya masomo. Mwaka 2024 tuzo hio ilikuwa dola 7,395, kwa pesa zetu yapita laki tisa. Hapewi mkononi, inalipwa moja kwa moja kwa chuo ama kwa mkopo wa masomo alonao, na ana miaka saba ya kuitumia. Kwa hivyo huyo jamaa anaposema kuna nchi ambayo kujitolea kunalipa karo, hajakudanganya hapo. Uongo uko pale anaposema wewe waweza kujiunga. Tuzo hio ni ya raia wa Marekani na watu wenye ukaazi wa kudumu kule, basi, na hakuna wakala wa Mombasa mwenye mlango wa nyuma. Ukilipa hio elfu kumi na nane utapewa fomu, pengine utapewa na barua yenye bendera juu, halafu simu itaanza kutoshikwa.

Na nakuonya mapema kwa sababu nawajua watu hawa, ukikataa la Marekani atakuja na Ujerumani. La Ujerumani nalo lina ukweli wake, kuna mwaka wa kujitolea ambao vijana wa Kenya huenda, wanafanya kazi kwa nyumba za wazee, hospitali, shule za watoto wadogo, wanapewa malazi ama pesa yake, bima ya afya na pesa kidogo za mfukoni. Lakini karo halilipi, na utatakiwa ujue Kijerumani cha kuongea na mgonjwa, sio cha salamu. Ni njia nzuri kwa alojipanga mwaka ama miwili kabla. Kwako wewe mwenye nafasi ya chuo Septemba, hio si njia ya sasa.

Sasa hapa kwetu. Watu wengi wanadhani kujitolea ni kama kuweka akiba, unaweka saa zako na siku moja zinageuka karo. Marekani zinageuka kwa sababu kuna sheria, kuna bajeti ya serikali na kuna mfuko maalum ambao pesa zimekaa zikingoja jina lako. Kenya hatuna sheria ya namna hio. Hakuna ofisi yoyote, ya taifa wala ya kaunti, inayochukua saa ulizookota plastiki ufuoni ikazibadilisha kuwa karo, na mtu akikuahidi hivyo muulize tu pesa zitatoka kwa mfuko gani na nani atasaini.

Na hapo ndipo nataka uelewe habari ya mwenyekiti wako. Simwiti mwizi, simjui, na wenyeviti wengi wa vikundi vya vijana ni watu wanaohangaika kama nyinyi. Lakini pesa za wafadhili zina masharti yake. Mfadhili akitoa pesa za kusafisha ufuo, bajeti imeandikwa glavu, magunia, maji ya kunywa, nauli, labda na fulana. Hizo pesa haziwezi kuhamishwa zikawa karo ya mtu hata mwenyekiti awe na roho ya namna gani, mkaguzi akija itakuwa kesi. Ili mfadhili alipe karo lazima aandike tangu mwanzo kuwa analipa karo, za watu wangapi na kwa kiwango gani. Mara nyingi kinachotokea ni kuwa mfadhili alisema kwa mkutano "tutaangalia vile tutawasaidia vijana na masomo", mwenyekiti akaisikia kama ahadi, akaileta kwenu kama ahadi. Kwa hivyo nenda kwake kwa heshima umuulize mambo matatu: mfadhili ni nani, barua iko wapi, na tarehe ni lini. Akishindwa na moja kati ya hayo matatu ujue hakuna karo hapo, na wala huna haja ya kugombana naye, kwa sababu kuna kitu chengine kutoka kwake ambacho wewe wakihitaji sana na nakuja nacho hapo chini.

Hata pale ambapo kazi ya jamii inaleta pesa kweli, angalia vile zinavyogawanywa. Hapa jirani Kwale, Gazi na Makongeni, kuna Mikoko Pamoja, ule mradi wa kutunza mikoko na kuuza hewa ya ukaa, yaani kulipwa kwa kaboni ambayo mikoko inaihifadhi, ulioanza 2013 na ukapata tuzo ya kimataifa ya Equator 2017. Pesa zinaingia kila mwaka na wanakijiji wenyewe wanakaa kuamua zifanye nini, zimeenda kwa maji, kwa shule, kwa vitabu. Ni kazi ya kujivunia na natamani Tudor na Mikindani tungefika hapo. Lakini hata kule pesa ni za kijiji, hakuna kijana mmoja alopanda miche akahesabiwa miche yake akalipiwa diploma.

Haya, sasa kama haigeuki karo, inageuka nini? Kuna mambo mawili ya kweli.

La kwanza ni posho. Kazi yako ya kupita nyumba kwa nyumba wakati wa chanjo inafanana sana na kazi ya wahudumu wa afya ya jamii, wale ambao serikali iliwazindua upya Septemba 2023, laki moja nchi nzima, wakapewa mabegi ya vifaa na simu. Kila mmoja anashughulikia kama nyumba 100 za mtaani kwake, na mpango wa posho ni shilingi 5,000 kwa mwezi, serikali kuu inatoa nusu na kaunti nusu. Kwa mwaka ni elfu sitini, na kwa vyuo vingi vya ufundi vya serikali elfu sitini si mbali na karo ya mwaka mzima. Lakini nikwambie wazi, posho huchelewa, na upande wa kaunti unaweza kuchelewa zaidi, kwa hivyo usiipangie kulipa muhula wenye tarehe. Pia nafasi haziko wazi kila siku, mtu huchaguliwa na jamii yake pakiwa na pengo, kwa baraza, kupitia zahanati ya mtaa. Nenda zahanati yenu uongee na afisa anayesimamia wahudumu, mwambie unasomea hio hio kazi na umepita nazo hizo nyumba. Hata kama hakuna nafasi, jina lako likae kwake, na siku za kampeni za chanjo wale wanaoitwa hupewa posho ya siku.

La pili ni ushahidi, na hapa ndipo miaka yako miwili ilipo. Kila mdhamini wa maana, awe ni wakfu wa benki, awe ni shirika la kimataifa, awe ni kamati ya zaka ya msikiti, anaombwa na maelfu ya watoto wenye shida ya kweli. Umaskini peke yake hauwatenganishi kwa sababu wote ni maskini. Kinachowatenganisha ni alama na kile mtu alichofanya bila kulipwa. Programu kubwa za udhamini zinauliza wazi kwa fomu: umefanyia nini jamii yako. Wewe una jibu, watu wengi wa rika lako hawana. Shida ni kuwa una jibu la mdomo.

Nikuonyeshe tofauti. Kijana mmoja wa Jomvu alikuja kwangu na simu imejaa picha, yuko na fulana ya kijani, yuko na fulana ya buluu, ameshika mche, ameshika gunia, na kamati haiwezi kufanya chochote na hizo picha kwa sababu hazisemi alifanya nini wala nani atamshuhudia. Mwengine, msichana wa Kisauni, alileta karatasi mbili tu. Moja ni barua yenye muhuri wa kikundi, cheti cha usajili kimetajwa namba, imesema kuanzia mwezi fulani hadi mwezi fulani alikuja kila Jumamosi, alisimamia vijana wanane, ndiye alokuwa akiandika daftari la vifaa, na chini kuna jina la mwenyekiti na namba yake ya simu. Ya pili ni ya muuguzi wa zahanati, mistari sita, inasema alishiriki kampeni ya chanjo mtaa gani na akaaminiwa na fomu za kuhesabu watoto. Hizo karatasi mbili mtu wa kamati anazisoma kwa dakika moja, anapiga simu, anathibitisha, na sasa anajua anaongea na mtu gani.

Hicho ndicho kitu cha kumuomba mwenyekiti. Karo hana, lakini barua anaweza kuandika leo. Muandikie wewe mwenyewe rasimu umpelekee asaini, kwa sababu ukimwachia ataandika "ni kijana mwenye bidii na nidhamu" na hilo halimsaidii mtu. Tarehe, kazi, wajibu, idadi, namba ya simu, muhuri. Na kwa zahanati fanya hivyo hivyo.

Sasa mjomba na NYS. Mjomba hajakosea kuwaza hivyo, NYS ipo tangu 1964 na ni njia halali kabisa ya kupata ufundi kwa kulitumikia taifa. Lakini elewa inavyokwenda. Unaandikishwa, unaenda Gilgil kwa mafunzo ya kwanza ya ukakamavu, kisha kuna kipindi cha kazi za taifa, barabara, mabwawa, mashamba, usalama wa shughuli, ndipo unapelekwa kusomea ufundi kwa vyuo vya NYS vyenyewe, kozi zinazofundishwa huko. Haikulipii diploma uloipata kwengine. Kwa mtu ambaye hana nafasi ya chuo, anataka umekanika, ujenzi, upishi, ushonaji, umeme, na anaweza ile nidhamu ya kambi, mimi humwambia nenda bila kusita. Kwa mtu mwenye barua ya kujiunga na kozi anayoipenda na ambayo ameshaifanya kwa vitendo miaka miwili, kwenda NYS ni kuanza upya safari nyengine. Na ukiamua kwenda, kuandikishwa ni bure, mtu akikuuzia nafasi ni mwizi huyo.

Tukitoa yote hayo, karo yako itatoka wapi? Itatoka kwa vipande, na kipande kikubwa ni HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya masomo. Watu wengi mtaani bado wanaamini HELB ni ya watu wa yunivasiti, si kweli, wanafunzi wa diploma kwa vyuo vya serikali wanaomba pia. Ni mkopo, riba yake asilimia 4 kwa mwaka, unaanza kulipa baada ya kumaliza masomo, na ukikaa kimya bila kulipa faini zinapanda, kwa hivyo chukua kile unachohitaji tu. Sehemu ya karo inaenda chuoni moja kwa moja.

Najua kwa nyumba zetu nyingi za Pwani neno riba linafunga mazungumzo hapo hapo, na silichukulii jambo hilo kwa wepesi. Mimi si wa kukutolea fatwa, kaa na wazazi na muende kwa sheikh mnayemuamini mumueleze hali yote, pamoja na kuwa njia nyengine hazijatosha. Mkiamua hamchukui, basi ujue kipande kikubwa kimetoka na lazima vyengine viongezwe, na hapo kamati za zaka zinakuwa sio jambo la kando tena, ziandikie mapema, sio wiki ya mtihani.

Kipande cha pili ni basari, msaada wa karo usiorudishwa, ya kaunti na ile ya CDF, mfuko wa maendeleo wa eneo bunge, huko Likoni. Utahitaji barua ya kujiunga na chuo, muundo wa karo, kitambulisho chako na cha mzazi, na barua ya chifu inayosema hali ya nyumbani. Peleka fomu wewe mwenyewe na ubaki na nakala iliyopigwa muhuri wa kupokelewa. Pesa hizi ni kidogo na hucheleweshwa, na kuhusu CDF ujue pia kuwa 2024 Mahakama Kuu iliamua sheria yake ya 2015 inakwenda kinyume na katiba na ikaweka mwisho wake 30 Juni 2026, kwa hivyo omba, lakini usijenge miaka mitatu yako juu yake. Na jambo moja lanikera nitalisema: kuna vijana wanaambiwa wakimfanyia kampeni mheshimiwa fulani ndio watapata basari. Basari ni pesa ya umma na vigezo vyake ni uhitaji. Kumbebea mtu mabango si huduma ya jamii na wala haikupi haki zaidi ya mwenzako alokaa nyumbani akauza mahamri na mamake.

Kipande cha tatu ni chuo chenyewe, na hiki ndicho watu wanakisahau kabisa. Tufanye mfano, karo ni elfu sabini kwa mwaka na wewe siku ya kuripoti una elfu kumi na mbili. Wengi wanaona aibu wanabaki nyumbani. Usibaki. Nenda kwa ofisi ya mlezi wa wanafunzi kabla ya siku ya kuripoti, na barua zako, na ushahidi kuwa umeomba HELB na basari, uombe kulipa kwa awamu kwa maandishi. Uliza pia kama kuna kazi za chuoni kwa wanafunzi, maktaba, usafi, jikoni, sehemu nyengine zipo na malipo yanakatwa kwa karo, na hio ndio karibu zaidi na ile ndoto uloiona ya kufanya huduma ikalipa masomo. Vyuo havipendi kupoteza mwanafunzi alokuja kuongea. Kama yote yakigoma kabisa, omba kuahirisha nafasi kwa barua na upewe jibu la barua. Kutokwenda kimya kimya ndiko kunakoua nafasi.

Na kikundi chako usikiache kabisa, ila kipange. Jumamosi moja ama mbili kwa mwezi zatosha ukiwa chuoni, na chagua zile kazi zinazokaribia masomo yako, chanjo, usafi wa maji, kina mama wajawazito, uache kubeba magunia kila wiki kwa ajili ya picha za watu.

Kuna mambo siwezi kuyatengeneza kwa maandishi. Ombi la HELB likikwama ama jina kwa kitambulisho halilingani na la cheti cha KCSE, nenda Huduma Centre ya Mombasa na makaratasi halisi, jambo hilo kwa simu halimaliziki. Ikiwa ulishampa huyo jamaa chochote, hata elfu mbili, nenda kituo cha polisi na ujumbe wa M-Pesa uandikishe, upate namba ya OB, ile ya daftari la matukio la polisi, na uwaambie wenzako wa kikundi kwa sababu sidhani ni wewe peke yako alokufuata. Na akikutaka umuachie kitambulisho ama cheti chako halisi, kataa, hata akisema ni kwa siku moja.

Wiki hii anza na mambo mawili. Jumatatu asubuhi na mapema kwa chifu pamoja na mama, na nakala za vitambulisho vyenu nyote wawili na ile barua ya chuo. Na rasimu ya barua ya mwenyekiti iandike leo usiku, hesabu miezi vizuri, orodhesha kazi zako zote hata zile unazoona ndogo, zile daftari, zile simu za kuwaamsha wenzako saa kumi na moja alfajiri, kisha nitumie niisome kabla hujampelekea.